Mtoto asiyewahi kushika ungo ataelewaje katazo la kupepeta? Mwaka wangu wa 3 katika shule ndogo ya Kiyahudi

BintPangani (mleta uzi)

Assalam alaykum, na habari za humu wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie mpaka chini, kwa sababu kuna swali nataka wakulima wanijibu.

Mimi mzaliwa wa Pangani, naishi New Jersey, Marekani. Huu mwaka wa 3 ni mwalimu msaidizi katika shule ndogo ya Kiyahudi iliyo nyuma ya sinagogi. Watoto hawafiki 70. Mimi Muislamu, navaa hijabu. Siku ya usaili hakuna aliyeniuliza habari ya hijabu. Waliniuliza kama naweza kukaa sakafuni na watoto saa nzima. Nikawaambia nimekulia mkekani. Jina la shule silitaji, maana sikuomba ruhusa ya kuiandika.

Darasa langu ni la miaka 6 hadi 9, wote chumba kimoja, kwa mtindo wa Montessori, wa mtoto kujifunza kwa kushika vitu, ambao hata kwetu upo siku nyingi katika chekechea za masista. Asubuhi ni Torati na Kiebrania, mchana hesabu, Kiingereza na sayansi. Hivyo ndivyo ratiba inavyosema. Ukiingia darasani utakuta mtoto anahesabu mafundo ya uzi wa vazi la sala, mwingine anapima mbao, wawili wanabishana juu ya mstari mmoja wa Torati kwa sauti ya sokoni, na mwalimu hawanyamazishi. Mimi wananiita Mora, yaani mwalimu wa kike kwa Kiebrania.

Sasa niwape kisa kilichonifanya niandike.

Torati inakataza kazi siku ya Shabati, tangu Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi nyota zinapotoka. Lakini kazi ni nini? Wanazuoni wao wa kale waliorodhesha katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3. Wanasema kazi ni 40 kasoro 1. Kumi na moja za mwanzo ni safari ya mkate: kupanda, kulima, kuvuna, kufunga miganda, kupura, kupepeta, kuchambua, kusaga, kuchekecha, kukanda, kuoka. Zinafuata za sufu, kuanzia kukata manyoya ya kondoo, kuyafua na kuyatia rangi, mpaka kusokota na kufuma. Kisha za ngozi: kuwinda, kuchinja, kuchuna. Halafu kuandika herufi 2, kufuta, kujenga, kubomoa, kuzima moto, kuwasha moto, pigo la mwisho la nyundo, na kubeba kitu kutoka nyumbani kwenda njiani. Orodha hii wanaihusisha na kazi zilizofanyika kujenga Maskani, lile hema la ibada la jangwani.

Isomeni tena polepole. Katazo zima la siku takatifu limeandikwa kwa maneno ya mkulima, mfumaji, mchuna ngozi na seremala. Mtoto wa kitongoji cha Marekani anayeujua mkate kama kitu cha kwenye mfuko wa plastiki, utamwambia nini kuhusu kupura?

Kwa hiyo shule ikaamua watoto wafanye zote 11 kwa mikono yao. Ngano walipanda wenyewe kwenye kitalu nyuma ya jengo, na ikawa haitoshi, tukaongezewa miganda kutoka shambani kwa mtu. Wakavuna kwa mkasi. Wakafunga miganda. Wakapura kwa kuitia kwenye foronya na kuipiga ukutani, wakafurahi mno. Ikafika kupepeta. Mwalimu mkuu wa darasa, mama msomi kwelikweli, akaleta feni ndogo ya umeme na bakuli. Akawasha. Makapi na ngano vyote vikaruka, nusu ya mavuno ikaishia chini ya kabati.

Mimi nyumbani nina ungo wa marehemu bibi, nimeutundika ukutani. Nikasema, kesho niachieni mimi.

Kesho yake nikakaa chini, watoto wakanizunguka, nikarusha. Wakuu, sikuwa nimepepeta miaka mingi, lakini mkono haukusahau. Ule mlio wa nafaka kwenye ungo, shwa, shwa, makapi yanakwenda mbele yanaanguka yenyewe, ngano inarudi nyuma. Darasa likanyamaza. Kisha nikaikusanya ngano nikaanza kuchambua vijiwe na vijiti kwa vidole. Mtoto mmoja wa miaka 8 akasema: "Mora, hii sasa ni kazi nyingine." Akaenda kuleta Mishna yake.

Mwalimu akaniambia swali hilo hilo limo katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya wanazuoni wao juu ya Mishna: kupepeta, kuchambua na kuchekecha, zote 3 ni kutenga kizuri na kibaya, kwa nini zihesabiwe mara 3? Jibu lililoandikwa pale ni kwamba kila kazi iliyokuwapo katika Maskani imehesabiwa, hata kama inafanana na mwenzake. Na mfasiri wao mkubwa Rashi, wa Ufaransa, karne ya 11, akafafanua: moja ni kwa upepo, moja kwa mkono, moja kwa chekeche. Nikamwambia, mwalimu, sisi kwa Kiswahili tuna vitenzi 3 tofauti kabisa, hakuna anayevichanganya, kwa sababu mwili haufanyi kitu kimoja. Akaandika ubaoni: kupepeta, kuchambua, kuchekecha. Yapo mpaka leo kwenye kona ya ubao, chini ya Kiebrania.

Na utumizi wake ni wa kila wiki. Mtoto wa Kiyahudi akikaa mezani Jumamosi na bakuli la vitu vilivyochanganyika, haruhusiwi kutoa kibaya akaacha kizuri. Anachukua kizuri anachotaka kula, kwa mkono, akile wakati huo. Yaani mchele wenye mawe, mawe huyatoi siku ile. Waliocheza na ngano wameelewa hilo bila kuelezwa mara 2.

Nimekaa nikafikiri sana. Shule niliyosoma mimi, kazi ya mikono ilikuwa adhabu. Umechelewa, kafyeke. Umeongea Kiswahili, kachimbe shimo. Umefeli hesabu, kachote maji ya mwalimu. Tulimaliza tukiamini kwamba jembe ni la waliokosea. Na sisi ndio nchi iliyoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ikisema shamba la shule liwe sehemu ya somo. Pale kwangu liliishia kuwa fimbo.

Swali kwa wakulima: Mishna inaanza na kupanda, halafu kulima. Watoto walishtuka. Nani anapanda kabla ya kulima? Talmudi, kwa ufafanuzi wa Rashi, inajibu kwamba nchi ya Israeli ardhi ni ngumu, wanalima, wanapanda, wanalima tena kufukia mbegu. Watoto hawakuridhika. Mimi ni mtu wa pwani, nyumbani tulikuwa watu wa minazi na samaki, sina la kuwaambia. Kuna aliyewahi kuona?

TichaWaKata

Dada, nimesoma na kurudia. Mimi nafundisha la 3, darasa lina watoto 97. Ungo mmoja, watoto 97. Hapo ndipo naposhindwa. Hao wako wangapi kwa mwalimu?

BintPangani

Mwalimu pole sana, na ninakuelewa. Sisi ni 22, walimu 2. Na hili nalo limenishangaza: hili la kuweka kiwango hawakulitoa kwa wataalamu wa leo. Talmudi inasimulia kwamba kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla, karne ya 1, ndiye aliyeagiza kila mji uwe na walimu wa watoto, waingie wakiwa na miaka 6 au 7. Kabla ya hapo mwenye baba alifundishwa na babake, yatima alibaki hivi hivi. Kisha ukurasa huo huo unaweka kiwango: mwalimu 1 kwa watoto 25. Wakifika 50, walimu 2. Wakiwa 40, mwalimu apewe msaidizi, na mji ndio unaomlipa. Kwa hiyo kazi yangu mimi imeandikwa huko.

Na kuhusu viboko: ukurasa huo huo unamwambia mwalimu, ukimpiga mtoto usimpige ila kwa kamba ya kiatu. Anayeweza kusoma atasoma, asiyeweza akae awe mwenza wa wenziwe. Hapa kwetu hata hiyo kamba haitumiki, lakini nilipoelezwa hilo machozi yalinilenga. Nilikumbuka fimbo za mpera.

TichaWaKata

"Asiyeweza akae awe mwenza wa wenziwe." Nina watoto kama 15 wa namna hiyo. Hakuna aliyewahi kuniambia nina la kufanya nao zaidi ya kuwarudisha darasa.

KomboMkunazini

Waalaykum salaam dada. Mimi nimesoma chuoni, yaani chuo cha Qur'ani, Unguja kabla ya skuli, na naona mengi tunafanana. Babu akitusimulia walivyoandika kwenye ubao kwa kalamu ya mwanzi, ukishahifadhi unaufuta kwa maji, unaandika aya nyengine. Ile ilikuwa kazi ya mikono pia: kuchonga kalamu, kutengeneza wino. Siku hizi watoto wana misahafu iliyochapwa, jambo zuri, lakini mkono umetoka. Swali langu: hao wanahifadhi? Au ni kucheza na unga tu?

BintPangani

Sheikh Kombo, wanahifadhi, japo si kama sisi. Wao nguvu yao kubwa ni kusoma wawili wawili. Wanaita havruta, neno linalotokana na rafiki. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anampinga, wanabadilishana. Talmudi ina msemo kuhusu hilo ambao kwa Kiswahili unakaa vizuri kuliko kwa Kiingereza: ama mwenza, ama mauti.

Wino nao wametengeneza. Gombo la Torati huandikwa kwa mkono, kwa unyoya, juu ya ngozi ya mnyama halali kwao, herufi 304,805, na ikikosekana moja gombo zima halifai kusomwa sinagogini mpaka lirekebishwe. Watoto walisaga vivimbe vinavyoota kwenye mti wa mwaloni, wakachanganya na chumvi ya chuma na gundi. Ile gundi ni utomvu wa mgunga, kopo liliandikwa imetoka Sudan. Kila mtoto akaandika jina lake kwa unyoya wa bata mzinga. Wakadondosha, wakalia, wakaanza upya. Baada ya hapo walipoingia sinagogini na gombo likafunguliwa, walisimama kwenye ncha za vidole kutazama. Kabla ya hapo walikuwa wanatazama dari.

FundiKeko

Mimi seremala, si mtu wa kuandika. Ila somo ninalolipenda kwenye Biblia ni Kutoka 31, Bezaleli. Mungu anasema amemjaza roho yake, na kazi yenyewe ni kuchonga mawe, kuchonga mbao, kufua dhahabu na shaba. Sijasikia likihubiriwa kanisani kwetu hata mara moja. Hao watoto wanafundishwa?

BintPangani

Fundi, wanafundishwa sana. Hata chuo cha sanaa cha Yerusalemu kilichoanzishwa mwaka 1906 kinaitwa Bezalel kwa jina lake. Na wanazuoni wao wa zamani wengi walikuwa mafundi: Yohanan alikuwa mshona viatu na hilo ndilo jina lake mpaka leo, Rabi Yehoshua kuta za nyumba yake zilikuwa nyeusi kwa makaa ya kazi. Wana sheria kwamba baba anawajibika kumfundisha mwanawe Torati, na kumfundisha ufundi. Wengine wakaongeza: na kuogelea. Rabi Yehuda akasema asiyemfundisha mwanawe ufundi ni kama amemfundisha unyang'anyi.

Wewe ungewafaa wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Kila mwaka wanajenga kibanda wanachokula ndani siku 7, na sheria zake ni za fundi hasa. Kimo kisipungue viganja 10, kisizidi mikono 20. Paa liwe la kitu kilichoota ardhini na kikakatwa, na kivuli kizidi jua. Mwaka jana mtoto alipima kwa kiganja chake, mwenzake kwa chake, vipimo vikakataa kulingana. Wakagombana dakika 40. Mwalimu akawaacha mpaka wakauliza wenyewe: kiganja cha nani? Ndipo somo likaanza. Wangepewa futikamba mapema, swali hilo lisingezaliwa.

FundiKeko

Kiganja cha nani! Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na fundi wangu. Nimelipenda.

MlinziNewYork

Dada nisamehe, naleta upande wa pili. Niko Brooklyn miaka 11. Nawaona watoto wa kiume wa baadhi ya shule za kidini hapa wanasoma dini kutwa nzima, Kiingereza na hesabu kiduchu. Wengine wamekua wakatoka na kulalamika hadharani kwamba hawawezi kuandika barua ya kazi. Mpaka jimbo la New York likapitisha kanuni mwaka 2022 za kuzibana. Tusije tukapaka rangi moja.

BintPangani

Kaka, hujakosea, na asante kwa kulileta. Shule za Kiyahudi si za namna moja, kama madrasa na seminari zisivyo za namna moja. Malalamiko hayo ni ya kweli na waliyoyaishi wana haki ya kusema. Kwetu wasichana na wavulana wanakaa pamoja, wanasoma ukurasa uleule, na hesabu ni kila siku. Kuna fikra yao ya zamani, Torati pamoja na njia ya dunia; rabi Samson Raphael Hirsch aliifungulia shule Frankfurt mwaka 1853, sayansi na lugha zikafundishwa bega kwa bega na Torati. Na mwaka 1870 Wayahudi wengine wakafungua shule ya kilimo, Mikveh Israel, karibu na Jaffa. Ugomvi baina ya wanaotaka kitabu peke yake na wanaotaka vyote ni wa kwao wenyewe, na haujaisha.

Kasoro ya kwetu ni ada. Ni kubwa. Jumuiya inachangia wasioweza, lakini nimeona familia ikiondoka kimya kimya mwisho wa mwaka, na mtoto yule ndiye aliyekuwa akipenda kitalu kuliko wote. Hilo linaniuma.

MsafiriElgon

Nyie mnazungumza Marekani, na Wayahudi wapo hapa jirani. Mimi wa Bungoma, nanunua kahawa, navuka mpaka kwenda Mbale, Uganda, mara kwa mara. Kuna kilima kinaitwa Nabugoye, ndipo walipo Abayudaya. Aliyeanzisha ni Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda, alisoma Agano la Kale akaona ndilo analotaka kulifuata, akajitahiri na watoto wake mwaka 1919. Amin aliwapiga marufuku, wengi wakaacha, waliobaki wakasali kwa kujificha mpaka alipoanguka mwaka 1979. Mmoja wao, Gershom Sizomu, akaenda kusomea urabi Los Angeles, akahitimu 2008, akarudi nyumbani.

Wana shule ya msingi Hadassah na sekondari yenye jina la Kakungulu. Humo utakuta Myahudi, Mkristo na Muislamu kwenye dawati moja. Na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, wa wakulima wa dini zote 3. Sabato yao ukifika na pesa hupimiwi hata kilo. Unasubiri.

BintPangani

Subhanallah. Msafiri, watoto wangu wanajua kwamba wapo Wayahudi Uganda, picha iko ukutani, lakini habari ya kupimiwa kilo sikuijua. Hiyo ndiyo sheria ikifanya kazi sokoni. Naomba ukipata nafasi uniandikie kahawa inavyopita mikononi, kuchuma, kukoboa, kuanika. Nataka wajaribu kuipanga katika zile 39.

JembeLaMeatu

Nimechelewa, nilikuwa shamba. Jibu la kupanda kabla ya kulima ni rahisi. Huku kwetu mvua ya kwanza ikinyesha, mtu anamwaga mtama au mahindi juu ya ardhi hivyohivyo, halafu ng'ombe wanapita na plau. Udongo unapinduka, unafukia mbegu, na majani yanakufa humohumo. Kazi 2 kwa mpito mmoja. Tunafanya hivyo tukiwa tumebanwa na mvua, au ng'ombe ni wa kuazima, utawatumia siku moja tu. Wataalamu wa kilimo hawapendi, wanataka mistari. Lakini aliyeandika hiyo orodha alikuwa ameona shamba kwa macho yake. Wala hakukosea.

Waambie watoto: mbegu ikimwagwa juu, ndege wanaanza kula kabla hujafika mwisho wa shamba. Kwa hiyo plau inamfuata mpandaji hapohapo. Ukienda kunywa maji umepoteza.

TichaWaKata

Mjomba Jembe, kesho la 3 wanausikia huo.

BintPangani

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Leo nimewasomea watoto jibu la JembeLaMeatu, neno kwa neno, nikilitafsiri. Nilipofika kwenye ndege, wote walicheka. Yule wa miaka 8, wa Mishna, hakucheka. Akauliza: "Ng'ombe ni wa kuazima?" Nikasema ndiyo. Akasema basi kumbe orodha inaanza na mtu maskini mwenye haraka. Mwalimu akaacha chaki.

Mchana wakatoka kitalu, wakamwaga nusu ya mbegu kwa kulima kwanza, nusu kwa namna ya Meatu, wakafunika kwa jembe la mkono maana ng'ombe hatuna. Wameweka kijiti na kamba katikati. Kama siku 10 hivi tutaona upande upi unatangulia kuota. Nitaleta picha ya shamba tu, bila nyuso.

Kombo, mwalimu anauliza kama unaweza kueleza ule mwanzi wa kalamu ulikatwaje, mshazari au wima. Na kwa yeyote anayekuja New Jersey kabla ya Desemba: natafuta nyungo 4, ndogo, za mkono wa mtoto. Nitalipa nauli ya mzigo. Ule wa bibi umeanza kufumuka ukingoni, na hakuna anayekubali kushika zamu ya mwisho.